ASKARI ASIYEKULA NYAMA NA VITA VYAKE NA SUKARI

Na Mwandishi Wetu

Saa nane ya usiku ndiyo saa ngumu kuliko zote katika lindo. Barabara imenyamaza, mbwa wamechoka kubweka, baridi itokayo mtoni imepenya sare, na macho yanatafuta kisingizio cha kufumba. Kwa muda wa miaka kumi na saba, sajini mmoja wa polisi katika mji wa Jinja, ambaye ametuomba tusilitaje jina lake, aliijua dawa moja tu ya saa hiyo: chupa ya chai ya moto iliyokolea sukari. Kikombe kimoja, vijiko vitatu. Akimaliza hicho, hujimiminia cha pili. Karibu na alfajiri huletwa mandazi, na zamu inapokwisha hupitia dukani nje ya lango kunywa soda moja ya baridi kabla ya kwenda kulala.

Mtu huyu hakuwa mlafi, wala hakuwa mlevi. Alilelewa katika nyumba ya Waadventista wa Sabato ambamo nyama haikupikwa, na tangu utoto wake hajapata kuila. Maziwa na mayai anatumia. Wenzake kambini walizoea kumtania kwamba amejiepusha na maradhi yote ya wakubwa kwa kula majani. Yeye mwenyewe aliamini hivyo, hadi siku ya kupimwa afya, mganga wa zahanati alipomtoboa kidole kabla hajala kitu, akasoma kipimo, akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Sajini, umesimama mpakani."

Kipimo kilionyesha milimoli 6.4 za sukari katika kila lita ya damu. Kwa mujibu wa viwango vya Shirika la Afya Duniani, mtu aliyelala bila kula akipimwa na kuonekana kati ya 6.1 na 6.9 huwa amekwisha kutoka katika eneo la salama. Na akifika 7.0, kipimo kikarudiwa na kuthibitika, huyo ana ugonjwa wa kisukari. Uzito wa sajini ulikuwa kilo 96 na kiuno chake sentimita 104. Umri wake ulikuwa miaka arobaini na mmoja. Baba yake mzazi alikatwa mguu kwa sababu ya ugonjwa huo huo.

"Nilipotoka pale zahanati sikufikiria cheo wala mshahara," ametuambia. "Nilifikiria ule mguu."

HESABU YA VIJIKO

Ndugu askari msomaji, kabla hujamcheka sajini huyu, chukua kalamu ufanye hesabu yako mwenyewe. Kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa hubeba sukari gramu 4 hivi. Sajini alikunywa vikombe sita kwa siku, mchana na usiku, kila kimoja vijiko vitatu: hivyo ni vijiko kumi na vinane, yaani gramu 72. Chupa moja ya soda ya mililita 300 ina gramu 32 hivi. Jumla yake imepita gramu 100, na mandazi bado hayajahesabiwa.

Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba sukari ya kuongezwa, pamoja na ile ya asali na ya maji ya matunda, isizidi sehemu moja katika kumi ya nguvu zote ambazo mtu huzipata katika chakula. Kwa mtu anayehitaji kalori 2000 kwa siku, kiasi hicho ni gramu 50. Shirika hilo likaongeza kwamba ni bora zaidi kushuka hadi nusu yake, gramu 25. Sajini wetu, basi, alikuwa akila mgawo wa watu wawili, au wa wanne kwa kipimo kile cha pili.

Tena hakuwa na haja ya kwenda mbali kuitafuta. Jinja ni jirani wa mashamba ya miwa ya Kakira, ambako kiwanda cha sukari kilianza kazi mwaka 1930, na Lugazi, ambako kilianza mwaka 1924, haiko mbali ukielekea Kampala. Katika nchi ilimayo miwa, kikombe kisicho na sukari huonekana kuwa ni dalili ya unyonge au ya ubahili. Mgeni akija hupewa chai tamu. Msiba ukitokea huchemshwa chai tamu. Askari akichoka hupewa chai tamu. Adui huyu hakuvunja mlango. Alikaribishwa ndani kwa heshima.

KUTOKULA NYAMA SI NGAO

Wapo wanaodhani kwamba mtu asiyekula nyama amekwisha kupata kinga. Hilo si kweli daima. Asiyekula nyama katika kambi zetu mara nyingi hushiba kwa posho, chapati, viazi vitamu, matoke na maharagwe. Vyakula hivi si sumu, na wazee wetu waliishi navyo wakilima kutwa kwa jembe. Lakini vyote vina wanga kwa wingi, na wanga, ukishayeyushwa tumboni, huingia katika damu ukiwa sukari. Gramu 100 za unga mkavu wa mahindi zina wanga unaokaribia gramu 75. Askari mwenye sahani iliyojaa posho hula zaidi ya gramu 200 za wanga kwa mlo mmoja, kisha huenda kuketi lindoni kwa saa nane.

Mganga alimshauri jambo la kwanza lililo rahisi: aache soda, apunguze vijiko, atembee. Lakini sajini alikuwa amekwisha kusikia kwa dada yake, ambaye ni muuguzi, habari za mlo wa ketoni, akataka kujua kama mtu asiyekula nyama anaweza kuufuata. Mganga hakumkataza. Alimpima figo na shinikizo la damu, akahakikisha kwamba hatumii dawa yoyote, ndipo akampa masharti matatu: aje kupimwa kila wiki, asianze katika wiki ya operesheni au ya mazoezi makali, na akiona dalili mbaya aache mara moja bila kuona haya.

MLO HUU NI KITU GANI?

Mwili wa binadamu una kuni za aina mbili. Za kwanza ni sukari itokanayo na wanga. Za pili ni mafuta. Maadamu wanga upo tele, mwili hupendelea kuchoma sukari na kuweka mafuta akiba. Mtu anapopunguza wanga hadi chini ya gramu 50 kwa siku, na wengine hushuka hadi gramu 20, akiba ya wanga iliyomo katika ini na misuli, ambayo kwa mtu mzima ni takriban gramu 500, hupungua sana katika siku chache. Hapo ini huanza kuyageuza mafuta kuwa vitu viitwavyo ketoni, ambavyo hata ubongo huweza kuvitumia badala ya sukari. Ndiyo asili ya jina la mlo huu.

Jambo hili si uzushi wa jana. Mwaka 1863 mtengeneza mazishi wa London, William Banting, aliyekuwa mnene hata kushindwa kufunga kamba za viatu, alichapisha kijitabu akieleza jinsi alivyopungua kwa kuacha mkate, sukari, bia na viazi. Mwaka 1921 Daktari Russell Wilder wa hospitali ya Mayo huko Marekani alipendekeza mlo wenye mafuta mengi na wanga kidogo sana kwa ajili ya wagonjwa wa kifafa, akaupa jina la ketoni. Ulitumika sana kwa watoto hadi dawa mpya za kifafa, kama vile fenitoini ya mwaka 1938, zilipoufunika. Baadaye, katika miaka ya 1990, mwongozaji wa filamu Jim Abrahams, ambaye mwanawe alipata nafuu kwa mlo huo, aliufanya ujulikane tena. Kutumika kwake kwa kupunguza unene na kwa kisukari cha watu wazima kumeenea zaidi katika miaka ya karibuni.

Lakini Banting alikula nyama na samaki kila siku. Sajini wetu angekula nini?

SAHANI YA ASIYEKULA NYAMA

Taabu ya kwanza ilikuwa maharagwe. Kwa asiyekula nyama, maharagwe ndiyo nyama yake. Hata hivyo sahani ya gramu 300 za maharagwe yaliyopikwa, hata ukiondoa nyuzinyuzi ambazo mwili hauzigeuzi kuwa sukari, hubaki na wanga wa karibu gramu 48. Hiyo ni karibu ruhusa yote ya siku nzima. Ilimlazimu kutafuta mbadala, akaupata katika soya, ambayo wakulima wetu wanaijua vizuri. Gramu 100 za soya iliyochemshwa zina protini gramu 17 au 18, na wanga usiozidi gramu 4 ukiondoa nyuzinyuzi. Sharti lake ni moja: ilowekwe na ichemshwe hata iive kabisa, kwani soya mbichi ina vitu vizuiavyo usagaji wa protini tumboni.

Siku ya sajini ilipangwa hivi. Asubuhi, mayai mawili na nusu ya parachichi. Mchana, vikombe viwili vya soya iliyokaangwa kwa kitunguu na nyanya kidogo, pamoja na dodo, nakati au sukuma wiki iliyopikwa kwa mafuta ya alizeti, na ile nusu ya pili ya parachichi. Jioni, mayai mawili kwa uyoga au biringanya, kabichi, na kipande cha jibini kinapopatikana. Usiku lindoni, konzi mbili za karanga zilizokaangwa, kama gramu 60 hivi. Chakula hiki kilimpa protini inayokaribia gramu 95, kiasi kinachomtosha mtu wa uzito wake anayefanya mazoezi, na wanga wa gramu 30 hadi 40.

Katika kununua karanga, msomaji usihadaike na bei. Karanga zilizonyauka, zilizobadilika rangi au zenye ukungu huweza kubeba sumukuvu, ambayo hudhuru ini na kuleta saratani. Zichague kwa jicho la askari anayekagua gwaride. Moja isiyo safi itupe.

Maziwa nayo yalikuwa na siri yake. Glasi moja ya mililita 250 ina sukari ya asili gramu 12 hivi. Chai ya maziwa matupu, vikombe vinne kwa siku, ingemaliza ruhusa yake. Akabaki na tone la maziwa la kubadili rangi tu. Kwa wale wasiokula kabisa mayai, maziwa wala jibini, mambo huwa magumu zaidi: hao hutegemea soya, karanga, ufuta, mbegu za maboga na parachichi, na hapana budi wapate vitamini B12 kwa vidonge au kwa chakula kilichoongezwa vitamini hiyo, maana mimea haiwapi. Upungufu wake hudhuru damu na neva polepole, bila kelele.

Nyumbani palikuwa na mashauri. Mkewe alimwuliza, "Baba watoto, sasa nikupikie chungu chako peke yako kama mgonjwa?" Wakakubaliana kwamba chungu cha mboga kitakuwa kimoja, kikubwa kuliko zamani, na watoto wataendelea na posho yao na maharagwe yao, kwa kuwa mtoto anayekua si mtu wa kuwekwa katika mlo kama huu bila daktari.

WIKI YA KWANZA

Siku ya tatu ndiyo iliyokaribia kumshinda. Kichwa kiliuma, miguu ikawa mizito, misuli ya ndama ikakaza usiku, na hasira ikampanda kwa mambo madogo. Koplo mmoja aliyechelewa dakika tano gwarideni alikemewa kama mtoro wa vita.

Hali hiyo ina sababu inayoeleweka. Wanga unapopungua, homoni ya insulini hushuka, na figo huanza kutoa chumvi na maji kwa wingi. Tena, kila gramu ya akiba ya wanga mwilini hushikana na gramu tatu hivi za maji. Akiba ikiisha, maji hayo huondoka. Ndiyo maana mtu huweza kupungua kilo mbili katika wiki ya kwanza akadhani ni mafuta, kumbe sehemu kubwa ni maji. Dawa yake ni kunywa maji ya kutosha, kutia chumvi katika supu ya mboga, na kutoacha majani ya kijani na parachichi, ambavyo vina madini ya potasiamu. Mwenye shinikizo kubwa la damu asijiongezee chumvi kabla ya kumwuliza mganga.

Hapa pana neno la pekee kwa wenye kubeba silaha. Askari mwenye kizunguzungu ni hatari kwake na kwa mwenzake. Usianze mlo huu ukiwa dereva wa zamu, wala ukiwa njiani kwenda operesheni, wala katika juma la masafa marefu. Usidhani pia kwamba utaongeza mbio. Mwaka 2017 watafiti wa Australia walioongozwa na Louise Burke waliwachunguza wanamichezo hodari wa mashindano ya kutembea kwa kasi. Wale waliokula mafuta mengi na wanga kidogo walihitaji hewa zaidi kwa mwendo ule ule, na mazoezi yao hayakuwaletea nafuu katika mashindano kama wenzao. Kwa mtu anayelinda lango hilo si tatizo kubwa. Kwa kijana wa kikosi cha kukimbiza majambazi ni jambo la kufikiria mara mbili.

UCHU WA SUKARI

Maumivu ya kichwa yalikwisha siku ya sita. Uchu wa sukari haukwisha. Sajini anasema kwamba njaa na uchu si ndugu: njaa huja polepole na hukubali chakula chochote, lakini uchu hubisha hodi kwa ghafla ukitaja jina la kitu unachokitaka.

Alichokigundua, na ambacho huenda kikamfaa msomaji, ni kwamba uchu wake ulikuwa na ratiba kama zamu. Ulikuja saa nane ya usiku, ulikuja mara baada ya kukemewa na mkubwa, na ulikuja siku ya mshahara. Basi akaanza kuutangulia. Kabla ya kwenda lindoni alikula mayai na parachichi ashibe, kwa kuwa tumbo tupu halina nidhamu. Chupa yake ya chai aliijaza tangawizi, iliki na mdalasini, bila kijiko hata kimoja, ili mkono upate kikombe ulichokizoea na ulimi upate ukali badala ya utamu. Uchu ulipokuja alikunywa maji, akazunguka uzio mara mbili, akatazama saa. Anasema haukudumu, ulipanda kama wimbi la ziwani, kisha ukashuka wenyewe. Kazi yake ilikuwa kutokuamua lolote wimbi likiwa juu.

Usingizi ulikuwa silaha nyingine aliyokuwa ameidharau. Mwaka 2004 watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago waliwachukua vijana 12 wenye afya njema, wakawaruhusu kulala saa nne tu kwa usiku kwa siku mbili. Homoni iletayo njaa ilipanda, ile iletayo shibe ikashuka, na vijana hao wakatamani zaidi vitu vitamu na vya wanga. Askari wa zamu ya usiku huishi hivyo mwaka mzima. Sajini akaacha mtindo wa kutoka zamu na kwenda sokoni. Alitundika blanketi zito dirishani, akalala mpaka adhuhuri.

Pana mitego pia ya kuangaliwa. Asali ni sukari. Maji ya miwa ni sukari. Maji ya matunda yaliyokamuliwa ni sukari iliyopoteza nyuzinyuzi zake. Ndizi moja mbivu ya kadiri ina wanga wa gramu 27 hivi. Na zile tembe za utamu usio na sukari hazitakuokoa: mwezi Mei mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilishauri zisitumiwe kama njia ya kudhibiti uzito. Tena huufanya ulimi uendelee kudai utamu ule ule. Sajini alifanya vizuri alipoanza wiki mbili kabla ya mlo wenyewe kupunguza nusu kijiko kila baada ya siku chache, hata ulimi ukazoea.

SIKU ALIYOANGUKA

Tusidanganyane kwamba mambo yalinyooka kama risasi. Siku ya kumi na tisa palikuwa na sherehe ya kumwaga mwenzao aliyehamishwa. Keki ilikatwa, soda zikafunguliwa, na kijana mmoja wa kikosi chake akamletea chupa kwa mikono miwili.

"Afande, chai bila sukari tumekuona ukinywa. Hiyo ni dawa au ni adhabu?"

"Ni zamu, kijana wangu," alijibu. "Na zamu haina likizo."

Watu wakacheka. Lakini nusu saa baadaye, kijana alipokuwa amegeuka, sajini alikunywa soda mbili na kula vipande vitatu vya keki, amesimama nyuma ya ghala kama mwizi.

"Kilichoniuma si ile soda," anasema. "Ni kule kujificha. Niliwakamata watu wengi kwa muda wa miaka kumi na saba, na siku ile nilijikamata mwenyewe."

Aliporudi nyumbani alimweleza mkewe yote. Mama huyo hakumlaumu; alimwuliza tu kesho yake apike nini. Na hapo ndipo lilipo fundisho. Wengi wakiteleza siku moja huona kwamba vita vimekwisha, wakarudia vikombe sita na mandazi yake. Askari aliyejikwaa katika kwata hatoki nje ya mstari. Hubadilisha hatua na kuendelea na wenzake. Asubuhi yake sajini alikula mayai mawili na nusu ya parachichi.

WASIOPASWA KUTHUBUTU

Sasa tuseme wazi, maana afya ya watu si mzaha. Wapo ambao mlo huu unaweza kuwadhuru vibaya wakiuanza peke yao. Mwenye kisukari anayechoma sindano za insulini, au anayemeza vidonge vya aina ya glibenklamidi, akipunguza wanga ghafla bila dawa kupunguzwa na daktari, sukari yake huweza kushuka hata akazimia. Anayetumia dawa mpya kama empaglifozini au dapaglifozini yuko katika hatari ya damu kujaa asidi ya ketoni, hali ambayo huua, na ambayo ni tofauti kabisa na ketoni chache za mtu mwenye afya. Dalili zake ni kutapika, maumivu ya tumbo, kuhema kwa nguvu na kuchanganyikiwa. Anayeziona asingoje asubuhi, aende hospitali.

Askari wa kike mwenye mimba au anayenyonyesha asiuguse. Wenye maradhi ya figo, ini au kongosho wasiuguse pasipo daktari. Anayemeza dawa za shinikizo la damu apimwe mara kwa mara, kwani shinikizo huweza kushuka na dawa ikawa nyingi kuliko haja. Na kwa baadhi ya watu mafuta mabaya ya damu hupanda. Kwa hiyo ni busara kupima kabla na baada, na kupendelea mafuta ya alizeti, ufuta, karanga na parachichi kuliko samli na mafuta ya mawese.

Tena mlo huu si njia pekee. Uchunguzi uliokusanya majaribio mengi umeonyesha kwamba kupunguza wanga huleta nafuu ya uzito na ya sukari ya damu hasa katika miezi sita ya mwanzo, lakini ufikapo mwaka mmoja tofauti kati yake na milo mingine yenye nidhamu huwa ndogo. Askari anayeacha soda na sukari ya chai, akapunguza posho hadi nusu, akajaza nafasi yake kwa maharagwe na mboga, na akatembea kila siku, naye amo njiani.

MIEZI MITATU BAADAYE

Sajini alikaa katika mlo huo kwa majuma kumi na mawili. Siku aliyorudi zahanati uzito wake ulikuwa kilo 88, kiuno sentimita 96, na sukari ya damu 5.7. Mganga hakumpigia makofi. Alimwambia kwamba ametoka mpakani, lakini mpaka haujahama, na kwamba mtoto wa mtu aliyekuwa na kisukari hana ruhusa ya kusahau. Akamwagiza arudi baada ya miezi mitatu mingine.

Tangu hapo amerudisha maharagwe, kidogo kidogo, na kipande cha posho mara moja kwa siku, kwa kuwa aliona hataweza kuishi maisha yake yote mbali na sahani ya wanawe. Sukari ya chai hakuirudisha. Si kwamba haitaki: anakiri kuwa hata leo, harufu ya mandazi ikipita lindoni, mate humjaa.

Tulipomwacha ilikuwa ni usiku, na kijana yule wa soda alikuwa zamu pamoja naye. Sajini alimimina chai ya tangawizi katika vikombe viwili. Kijana akaonja, akakunja uso, akatafuta sukari kwa macho juu ya meza asiione. Kisha, kwa kuwa baridi ilikuwa kali na mkubwa wake alikuwa akimtazama, akanywa mpaka chini.

"Chungu, Afande," alisema.

"Kesho itapungua uchungu," sajini akamjibu, akatoka kuzunguka uzio, kwa miguu yake miwili.